Mkazi wa Vitengeni si kihisi

Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wa kazi yangu: sisi tunaoandika programu za kompyuta na simu. Msomaji asiyejua tofauti ya hifadhidata na kikapu cha sokoni asikimbie. Ninachotaka kusema kinahusu maji kuliko kinavyohusu kompyuta.

Kuna kitu kinaitwa sayansi ya wananchi. Maana yake si ngumu. Badala ya kumsubiri mtaalamu atoke mjini na gari lake mara moja kwa mwaka (akija!), wakazi wa kando ya mto wanajifunza kupima maji wenyewe, wanapima kila wiki au kila mwezi, kisha wanapeleka matokeo mahali yanapokusanywa. Hawalipwi, wanajitolea. Kule Marekani chama cha Izaak Walton League kilianza mpango wa namna hii mwaka 1969, kikauita Save Our Streams. Afrika Kusini wana miniSASS, nitaieleza hapo chini. Mwaka 2015 mtafiti wa Tanzania, Lulu Kaaya, na wenzake walichapisha kipimo kiitwacho TARISS, kilichotengenezwa kwa ajili ya mito ya Tanzania, ingawa hicho ni cha wataalamu zaidi kuliko wanakijiji.

Jambo hili naliunga mkono kwa mikono miwili. Ugomvi wangu ni namna tunavyolileta huku kwetu. Na nikisema huku kwetu, leo nazungumzia Vitengeni, kule Ganze, kaunti ya Kilifi, upande wa magharibi wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mtu anayeijua Kilifi kwa hoteli za ufukweni tu hajui kwamba ukiipa bahari mgongo ukaenda bara, baada ya muda mfupi mada ya kila mazungumzo inakuwa moja: maji.

Mnajua mashindano ya vijana waandika programu? Siku mbili bila kulala, soda za bure, fulana yenye majina ya wafadhili mgongoni. Jumapili jioni anasimama mmoja na programu ya simu ya kuokoa mito. Mwanakijiji anapiga picha ya maji, picha inapanda hewani, ramani inawaka nukta nyekundu, makofi. Nimekaa kwenye ukumbi kama huo nikauliza swali moja tu: huyu aliyepiga picha anajibiwa nini, na nani? Nikaambiwa hilo ni la awamu ya pili. Awamu ya pili, wandugu, ndipo mambo ya watu wa Vitengeni yanapokwenda kulala.

Katika ufundi wetu kuna kidude kinaitwa kihisi. Unakifunga kwenye bomba, kinapima, kinatuma namba, basi. Hakiulizi namba zinakwenda wapi. Hakina mtoto anayeharisha. Kikiharibika unakitupa unafunga kingine. Sasa angalia programu nyingi za sayansi ya wananchi zilivyoundwa: mkazi anatuma, mfumo unapokea, mchoro unapendeza kwenye ripoti, na mkazi hapati kitu zaidi ya neno "Asante". Huyo tumemfanya kihisi. Kihisi cha bei nafuu, kinachojilisha chenyewe na kujichajia betri chenyewe.

Sasa tuingie kwenye maji yenyewe, maana hapa ndipo wenzangu wengi wanapoteleza hata kabla ya kufungua kompyuta.

miniSASS inafanya kazi hivi. Unaingia mtoni na wavu, unachokoa chini ya mawe na kwenye majani ya kingo, unamimina ulichokamata kwenye sinia jeupe, unatazama wadudu na viumbe wadogo. Wamegawanywa katika makundi 13, na kila kundi lina alama yake. Viumbe wanaovumilia uchafu wana alama ndogo: minyoo 2, ruba 2. Konokono 4. Kaa na kamba 6, watoto wa kereng'ende nao 6. Wasioweza kabisa kuishi kwenye maji machafu wana alama kubwa, na wa juu kuliko wote ni mdudu mdogo mwenye mikia miwili anayejificha chini ya mawe kwenye maji baridi yaendayo kasi. Huyo peke yake ana 17. Unajumlisha alama za makundi uliyoyaona, unagawanya kwa idadi ya makundi, unapata wastani. Wastani unaulinganisha na jedwali (lipo la mito ya mawe na lipo la mito ya mchanga) na hapo unajua mto mzima au mgonjwa. Hesabu ya darasa la tano. Nimeisifu kwa sababu inastahili sifa: mdudu amekaa majini wiki nyingi, kwa hiyo anakuambia habari za wiki nyingi, si za dakika ile uliyochota maji.

Lakini hebu ichukue ilivyo uipeleke Vitengeni. Vijito vingi vya Ganze ni vya msimu. Mvua za mwaka zikinyesha kati ya Aprili na Juni, mabonde yanajaa na maji yanateremka kwa mito kama Rare na Ndzovuni hadi kwenye mkono wa bahari wa Kilifi. Mvua ikikatika, mto unabaki mchanga. Watu wanachimba vishima kwenye huo mchanga, au wanategemea malambo, yale mabwawa ya kukinga maji ya mvua ambayo ng'ombe, mbuzi na watu wanayatumia pamoja. miniSASS ni kipimo cha mto unaotiririka. Wenyewe walioitunga wanasema isitumike kwenye mabwawa na maji yaliyotuama. Sasa mwandika programu aliyetafsiri fomu hiyo kwa Kiswahili akaisambaza hadi Vitengeni ameleta kipimajoto cha kupimia uzito.

Na kuna la konokono. Kwenye jedwali konokono ni alama 4, tena za katikati, unaziandika unaendelea na mwingine. Lakini pwani yetu ni nchi ya kichocho, na vimelea vya kichocho vinakulia ndani ya konokono wa maji wa jamii ya Bulinus kabla ya kumwingia mtoto anayeoga bwawani. Kwa hiyo konokono yule yule, kwa mwanasayansi wa mto ni alama 4, kwa mama wa Vitengeni ni habari ya kumzuia mtoto asiingie majini leo. Programu iliyomeza habari hiyo ndani ya wastani wa alama imepoteza jambo la maana kuliko yote yaliyokuwa kwenye sinia. Hili mdudu hana kosa nalo, wala Afrika Kusini haina kosa. Kosa ni la aliyenakili bila kuuliza watu wanataka kujua nini.

Wangeulizwa wangesema nini? Si lazima nikisie sana, maisha yenyewe yanajieleza. Kwanza chumvi. Maji mengi ya chini ya ardhi upande wa Ganze yana chumvi kwa sababu ya miamba iliyo chini, na mtu anataka kujua kishima hiki kimefikia wapi ukilinganisha na mwezi uliopita. Kuna kifaa kama kalamu nene, unachovya, kinasoma jinsi umeme unavyopita kwenye maji, na umeme unavyopita kwa urahisi ndivyo chumvi ilivyo nyingi. Mtoto wa shule anaweza kukisoma. Pili, tope: mrija mrefu unaopenya mwanga, alama nyeusi kitakoni, unamimina maji mpaka alama isionekane, unasoma kimo. Tatu, siku. Bonde limeacha kutiririka tarehe ngapi? Lambo limekauka tarehe ngapi? Hii haihitaji kifaa hata kimoja, inahitaji kalenda na mtu mwaminifu, na ukiwa na tarehe hizo za miaka kumi una kitu ambacho ofisi yoyote ya ukame ingekitamani. Tukumbuke kwamba kati ya 2020 na 2022 mvua zilishindwa msimu baada ya msimu katika upembe huu wote wa Afrika, kisha mwisho wa 2023 El Niño ikaleta mafuriko. Nani aliandika, lambo kwa lambo, tarehe kwa tarehe?

Nne, kinyesi, samahanini lakini ndilo neno. Kuna kipimo cha chupa kilichobuniwa India na kuchapishwa mwaka 1982 na Manja na wenzake. Ndani ya chupa kuna karatasi iliyolowekwa dawa zenye chumvi ya chuma. Unajaza maji, unafunga, unaiweka siku moja au mbili mahali pa joto. Bakteria watokao matumboni wakiwemo, wengi wao hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, gesi inakutana na chuma, maji yanakuwa meusi. Maabara nyingine zinahitaji kabati la umeme la kutunza joto. Kilifi joto lipo bure. Kipimo hiki si cha mwisho, kina makosa yake, na maabara itabaki maabara. Ila chupa nyeusi mezani inaeleweka na kila mtu aliyepo chumbani bila mkalimani.

Kuna yasiyoonekana kwa wavu wala chupa. Ukanda wa Vitengeni unajulikana kwa wanajiolojia kwa madini ya risasi na barite, na risasi ndani ya maji haina rangi wala harufu. Hiyo ni kazi ya maabara ya serikali, na mwananchi hawezi kuifanya kwa kujitolea hata akijitolea vipi. Ninachokataa ni pale wimbo wa kujitolea unapotumiwa kuifunika kazi hiyo, mtu akaambiwa "jamii inajipimia" na bajeti ya maabara ikayeyuka.

Sasa kuna wale wa upande mwingine, wenye shahada, wanaosema namba za wanakijiji hazina thamani. Hawa nao nawajibu, na sina haja ya kupayuka, mfano upo Kenya hii hii. Katika bonde la mto Sondu-Miriu, kule magharibi, watafiti wakiongozwa na Björn Weeser wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, waliweka vipimo vya kina cha maji mahali 13, vijiti vyenye namba kando ya mto na bango la maelekezo. Mpita njia yeyote anasoma namba, anatuma ujumbe mfupi kwa simu yake ya kawaida. Katika mwaka wa kwanza watu 124 walituma vipimo 1,175 vilivyokubalika. Matokeo yalichapishwa 2018. Na walipolinganisha na kituo kinachojipimia chenyewe, namba za watu zilikuwa nzuri. Fundi wa programu, zingatia: hakuna programu ya kupakua, hakuna simu ya bei mbaya, hakuna akaunti wala nywila. Ujumbe mfupi. Wengi walituma mara moja moja wakapotea, na kundi dogo ndilo lililobeba mzigo, jambo ambalo kila aliyewahi kuendesha mradi wa programu huria analifahamu vizuri.

Tena kama ni kumbukumbu, tuone aibu kidogo. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha utafiti wa tumbawe moja kutoka Malindi lenye umri wa kama miaka 300. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hunasa kemikali za udongo ulioletwa na mto Sabaki mwaka ule. Walilolisoma ni kwamba mmomonyoko wa udongo ulipanda kwa nguvu kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ya mkoloni. Basi kumbukumbu ndefu kuliko zote za afya ya mto wetu mkubwa imetunzwa na kiumbe asiye na macho, chini ya bahari. Sisi wenye shule, simu na kompyuta tuna faili za mradi wa miezi 18, na nenosiri la seva alilokuwa nalo mtu ambaye mkataba wake uliisha.

Nirudi kwenye neno hili la kujitolea. Nani hasa anajitolea? Kwenye lambo utamkuta mwanamke mwenye mtungi wa lita 20, ambaye kuchota maji tayari kumemla nusu siku. Tunamwambia asimame dakika kumi zaidi, apime, aandike, atume kwa salio lake. Mtu wa Ulaya anayekwenda mtoni Jumamosi na wavu amekwenda mapumzikoni, na mchana anarudi kwenye bomba. Maneno ni yale yale, mzigo si ule ule. Basi angalau salio lirudi, tena lirudi lenyewe dakika ile ile, si baada ya kujaza fomu. Kumrudishia mtu shilingi zake za ujumbe ni mistari michache ya msimbo, nani asiyejua? Hatuiandiki kwa sababu kwenye mashindano haipigiwi makofi.

Na ofisini je? Maana namba bila mlango wa kupeleka ni kelele tu. Milango ipo kisheria, na nashangaa tunavyoandika programu kana kwamba haipo. Katiba ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 43 inataja maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na ibara ya 69 inaiamuru serikali kuwahimiza wananchi washiriki kutunza mazingira. Sheria ya Maji ya 2016 iliunda Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kuvitambua vyama vya watumiaji wa maji katika ngazi ya bonde. Chama kama hicho kikiwa na daftari la miaka mitatu, lenye tarehe na sahihi, hakiendi ofisini kuomba. Kinakwenda kuuliza.

Anayedhani daftari ni kitu kidogo atazame Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza pale 2007, risasi ikaingia kwenye miili ya watu. Phyllis Omido na wakazi walihangaika miaka na vipimo vya damu mkononi. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa amri hiyo 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Wameshikilia kesi miaka yote hiyo kwa sababu walikuwa na ushahidi wenye majina na tarehe. Namba zilikuwa zao. Zingekuwa kwenye seva ya mradi fulani ulioisha, wangeshika nini mbele ya jaji?

Hili la umiliki sitalilegeza. Daftari lililoandikwa Vitengeni nakala yake ya kwanza ibaki Vitengeni, kwenye karatasi, kabatini kwa mtu anayejulikana. Nakala ya pili iende kwenye kompyuta. Mtafiti akitaka, aombe kwa chama, na akichapisha, alete matokeo yakiwa kwa Kiswahili au Kigiriama na ayasome barazani, si kutuma kiungo cha faili ambalo kulifungua ni dola 40.

Programu je? Mbona ipo. Open Data Kit ilianzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, huria na bure, fomu zinajazwa bila mtandao na kupanda baadaye mtandao ukipatikana. Ushahidi ilizaliwa Kenya Januari ile ile ya 2008, kwa siku chache, wakati nchi inawaka moto, nayo ilipokea ujumbe mfupi. Hatuna upungufu wa programu hata kidogo. Kijana anayeanza kuandika nyingine mpya kutoka sifuri anafanya mazoezi, na mazoezi ni mazuri, lakini asiyaite msaada kwa Vitengeni.

Mimi ningeanzia mwisho, kwenye ujumbe wa jibu, kabla ya fomu na kabla ya ramani. Ujumbe mfupi mmoja una nafasi ya herufi 160. (Angalizo la kifundi: ukiandika jibu kwenye programu ya ofisini, ile alama ya juu kwenye "ng'ombe" inajipinda yenyewe, na alama iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za simu. Ujumbe wote unabadilisha mfumo, nafasi inashuka hadi 70, na ujumbe mmoja unatozwa kama miwili au mitatu. Ng'ombe mmoja anaweza kukumalizia bajeti.) Jibu lenyewe lingekuwa hivi:

"Lambo 3: chupa imekuwa nyeusi. Chemsha maji au tia dawa kabla ya kunywa. Afisa wa afya ameambiwa leo. Utapata jibu lake hapa kabla ya Ijumaa."

Herufi 141, nimezihesabu. Sentensi ya kwanza kompyuta inaiandika yenyewe, na ya pili pia. Ya tatu inahitaji namba ya simu ya mtu aliyekubali kuambiwa. Ya nne inahitaji mtu huyo akubali pia kwamba Ijumaa ikipita bila jibu, mfumo utawatumia watu wote wa Lambo 3 ujumbe wa kuwaambia kuwa Ijumaa imepita, ukitaja cheo chake. Nendeni mkamtafute huyo kwanza, kule Ganze au Kilifi mjini. Akikubali na akatia sahihi, msimbo uliobaki nitauandika mimi bure kwa wikendi moja, bila fulana.